Maji Mazito ya Mama Deo

Nyuma ya jiko la Bernadeta Kasimiri, kule Tabata, pana kipara. Ni kipande cha uwanja chenye upana wa ungo, hakioti hata mbigili, na ukuta ulio karibu nacho umeliwa plasta mpaka tofali zinachungulia. Mwenye nyumba amekwisha kulalamika mara tatu. Kila akija, Bernadeta humpa pole, humfungia na barafu kwenye mfuko ampelekee mkewe, na shauri huishia hapo mpaka mwaka mwingine.

Kipara hicho ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa akimwaga pale maji yanayobaki kwenye mabakuli ya barafu, na miaka yote hiyo aliyaita uchafu. Siku hizi hayaiti hivyo tena, na ukimkuta ana nafasi atakueleza kwa nini, tena kwa furaha.

Mama Deo, ndivyo mtaa mzima unavyomwita, anauza barafu. Ana friza moja kubwa iliyokuwa nyeupe zamani, mlango wake unafungwa kwa mpira wa baiskeli. Wateja wake ni wauza juisi, wauza samaki na mama lishe wawili wasioelewana. Maji ya bomba huja yakipenda, kwa hiyo anatumia ya kisima, na kisima cha Dar es Salaam ukikichimba usitegemee asali. Hutoa maji ya chumvi. Kuogea yanafaa, kufulia yanamaliza sabuni, kunywa ni adhabu.

Alipoanza biashara hakulijua hilo vizuri. Aligandisha mabakuli mpaka yakawa mawe, akauza. Siku ya tatu akaja Badru, kijana wa makamo anayeuza juisi ya ukwaju na rosela pale kona, glasi mkononi.

“Mama Deo, onja.”

Akaonja.

“Hii juisi au supu?” Badru aliuliza. “Wateja wananiuliza leo nimechemsha kongoro gani.”

Bernadeta alitaka kuona haya, kisha akaona ni bora aone sababu. Alivunja donge moja la barafu akalamba vipande kimoja kimoja. Cha pembeni, kile kinachoonyesha upande wa pili kama kioo, kilikuwa na ladha ya maji matamu. Cha katikati, kile cheupe cheupe, kilimkunja uso. Akaelewa kwamba barafu ina choyo. Ikiganda inajichukulia maji na kuisukuma chumvi iende zake, na chumvi hukimbilia kwenye maji ambayo bado hayajaganda, mpaka mwisho inabanwa katikati haina pa kwenda. Tangu siku hiyo hakuacha tena bakuli ligande lote. Likipita nusu hulitoboa kwa kisu, humimina maji ya ndani nyuma ya jiko, halafu hujazia ya bomba aliyoyatunza kwenye dumu. Barafu yake ikapata jina mtaani. Badru akarudi, na hajahama mpaka leo.

Ana desturi ya asubuhi. Akifungua friza na ule mvuke wa baridi ukampiga usoni, hushukuru kwa sauti. Humshukuru Mungu, humshukuru fundi aliyeijaza gesi mara ya mwisho, na humshukuru Badru. Jirani mmoja alimwuliza Bernadeta ni vipi Badru anaingia katika sala.

“Angeweza kunyamaza akanihama kimyakimya,” Bernadeta alijibu. “Aliniambia. Anayekuambia amekupenda.”

Haya ni maneno mazuri, na aliyaamini kwa watu wengine. Kwake yeye mwenyewe, kumwambia mtu kwamba amekosea kulikuwa jambo ambalo lilikwisha kumgharimu sana, na hakutaka kulirudia.

Maana alipokuwa kidato cha pili, katika shule moja huko Masasi, alikuja mwalimu mgeni kutoka mikoa ya bara. Siku moja mwalimu alikuwa anafundisha mazao ya biashara, akasema korosho zikiiva huchumwa mtini kama machungwa. Bernadeta alizaliwa kwenye mikorosho, amelala chini yake, ameokota mpaka mgongo ukalia. Akasimama. “Mwalimu, hapo sivyo,” alisema. “Hazichumwi. Huachwa zidondoke zenyewe, ndipo zinaokotwa.” Darasa zima likaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomponza, kwa sababu mwalimu alidhani kimepangwa. Alipigwa fimbo mbele ya wenzake, kisha akapewa barua ya kumwita mzazi. Mzee Kasimiri alikuwa mtu mwenye heshima nyingi na mfuko mtupu, na mambo hayo mawili yakikutana mtoto hana wa kumtetea. Aliisoma barua, akaikunja mara nne.

“Anayemzidi mwalimu, shule ya nini?” alisema. “Akae nyumbani.”

Akakaa. Baadaye akaolewa, akamzaa Deogratias, akaja Dar na mumewe, akamzika mumewe, akanunua friza. Lakini ile sentensi ya baba ilibaki naye, na kila alipojaza fomu yoyote, iwe ya hospitali au ya parokia, akifika penye neno elimu aliandika “la saba” kwa herufi ndogo ndogo. Mdomo uliponza kichwa, alijiambia. Akajifunza kuwa na mdomo wa kuuzia barafu tu.

Mwaka jana liliwekwa tangazo kwenye mlango wa kigango: masomo kwa walioishia njiani, Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri, kujiandaa na QT, ule mtihani unaomfungulia mtu mzima njia ya kidato cha nne. Bernadeta alilisoma Jumapili tatu mfululizo. Jumapili ya nne akajiandikisha. Hakumwambia mtu. Deogratias, ambaye anaishi Mbagala na mkewe, aliambiwa mama yake anakwenda jumuiya. Na kweli jumuiya alikuwa anakwenda, ila jumuiya haina jiografia.

Darasani walikuwa kumi na wanne: wasichana wa kazi za ndani, waendesha bodaboda, mlinzi mmoja anayesinzia, na Isack, mchomeleaji wa mageti kutoka Chang’ombe, ambaye maswali humtoka kama cheche. Yeye Bernadeta alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mwalimu wao, Gaudens, kijana wa Kihaya wa kule Muleba, alikuwa na ishirini na sita. Ana digrii, hana ajira, na anafundisha kwa moyo wote kana kwamba amepewa wilaya nzima.

Hapo ndipo ilipoanza ile shida ya shikamoo. Mwalimu akiingia, darasa husimama na kusema kwa pamoja, “Shikamoo, mwalimu.” Siku ya kwanza Bernadeta alisimama na wenzake, akaitoa shikamoo yake kwa mtu aliye mdogo kuliko mtoto wake wa kumzaa. Gaudens alishtuka waziwazi. Akaitikia “Marahaba” huku akitazama dirishani. Masomo yalipokwisha alimsubiri getini, akahakikisha hakuna mwanafunzi karibu, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, mama,” alisema.

“Marahaba, mwanangu.”

Wakawa na mapatano hayo bila kuyatamka. Ndani ya mlango yeye humwamkia, nje ya geti naye huamkiwa, na kila mmoja akaenda nyumbani na heshima yake nzima.

Masomo yenyewe yalikuwa mlima. Maandishi ya ubaoni na mtihani ni Kiingereza, maelezo ya mwalimu ni Kiswahili, na Bernadeta alikaa katikati kama mtu mwenye mguu mmoja kwenye mtumbwi na mwingine nchi kavu. Hakuuliza hata mara moja. Miezi saba, mkono wake haukupanda. Kisha likaja jaribio la jiografia, akapata tisa kwa mia. Gaudens hakuisoma kwa sauti, alimpa karatasi imekunjwa, lakini tisa ni tisa hata ikikunjwa.

Akaamua kuacha. Mwalimu alikuwa amemwazima atlasi yake mwenyewe, ya zamani, yenye jalada la kitambaa. Jumanne iliyofuata Bernadeta aliitia kwenye mkoba na akaenda darasani akiwa na nia moja, kukaa kipindi cha mwisho, kurudisha kitabu cha watu, kushukuru, na kurudi kwenye friza yake. Hakuwa na hasira na mtu. Alihisi tu kwamba baba yake alikuwa amesema kweli.

Sasa, wiki moja kabla ya hapo, Isack alikuwa ameuliza swali lake.

“Ticha, kuna video nimeiona. Wanasema chini kabisa ya bahari maji ni baridi kama ya friji, hata huku kwetu kwenye jua kali. Nani anayapoza?”

Gaudens alikuwa amejibu kwamba hajui, atakwenda kutafuta. Ni walimu wachache wanaosema hivyo, na Bernadeta alimheshimu kwa hilo. Jumanne hiyo alikuja na jibu, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu aliyetafuta kitu mpaka akakipata. Alichora ubaoni ncha ya kaskazini ya dunia, bahari ya Aktiki imefunikwa na barafu, na pembeni, karibu na pwani, akaacha tundu.

“Kipindi cha baridi, bahari yote hii inafunikwa,” alisema. “Ila kuna mahali upepo unatoka nchi kavu kwa nguvu, unaisukuma barafu iende mbali. Panabaki wazi. Wataalamu wanapaita polinia, ni jina la Kirusi. Maji yanabaki uchi, na hewa ya juu yake ni baridi kuliko friza yoyote. Yanaganda upesi. Upepo unaisukuma hiyo barafu mpya, maji yanabaki wazi tena, yanaganda tena. Kutwa kucha, miezi mizima. Mahali hapo ni kiwanda cha barafu.”

Bernadeta aliinua kichwa. Miezi saba hakuwahi kusikia darasani kitu alichokijua.

“Na hapo ndipo maji mazito yanapotengenezwa, yanazama mpaka kilindini,” Gaudens aliendelea. “Kwa nini ni mazito? Barafu inapoondoka inaondoka na chumvi yake. Maji yanayobaki ni baridi tupu, na huo ubaridi ndio unaoyazamisha.”

Isack akakuna kichwa. “Ticha, hapo sijakupata. Kama chumvi imeondoka si yatakuwa mepesi? Mie nikiogaga baharini naelea kuliko nikioga mtoni.”

“Ubaridi, Isack. Ubaridi una nguvu.” Lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na chaki ilikuwa inachora tena mstari uleule.

Bernadeta alitazama chini. Mkoba ulikuwa miguuni, atlasi imo ndani, mlango ulikuwa wazi. Angeweza kukaa kimya dakika ishirini akaondoka na amani. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na yeye alikuwa ameumwa sawasawa. Akamfikiria Badru na ile glasi yake. Halafu akajikuta amesimama, na hakumbuki alisimama vipi.

“Mwalimu,” alisema, “hapo sivyo.”

Alipolisikia neno hilo likimtoka, lilelile la Masasi, alishika ukingo wa dawati.

“Barafu haiondoki na chumvi. Inaiacha. Maji yanayobaki ndiyo yenye chumvi, tena kali.”

Hata mlinzi aliamka. Gaudens aligeuka polepole, chaki mkononi.

“Umeyasoma wapi haya, mama?”

“Sijayasoma. Namwaga.”

“Unamwaga?”

“Namwaga kila siku. Nyuma ya jiko.”

Darasa likaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, watu walikuwa wamechoka na jibu lilikuwa zuri, lakini Bernadeta alisikia kile kingine, cha miaka zaidi ya thelathini iliyopita, na akaketi kama aliyekatwa miguu. Gaudens hakucheka. Aliugeukia ubao, akautazama mchoro wake.

“Alhamisi uje nayo hayo unayoyamwaga,” alisema, na sauti yake haikuwa na rangi yoyote.

Masomo yalipokwisha Bernadeta alitoka wa mwisho. Getini hapakuwa na mtu. Mwalimu alikuwa ameshafika mbali barabarani, anatembea haraka, simu sikioni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi saba kukosa shikamoo yake ya nje ya geti. Akajua amemkosea kijana wa watu mbele ya darasa lake. Alipofika nyumbani ndipo alipoona kwamba hata atlasi hakuirudisha.

Asubuhi ya Jumatano alifungua friza na hakushukuru kitu. Badru alipokuja kuchukua barafu alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa.

“Mama Deo, umefiwa?”

Akamweleza yote, shule na tisa kwa mia, maji mazito yanayozama baharini, na kipara cha nyuma ya jiko. Badru alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa. Alisikiliza huku barafu ikimyeyukia mikononi.

“Kwa hiyo unaogopa kwenda.”

“Atanifukuza. Au hatanifukuza, atanitazama tu. Bora fimbo.”

“Sikiliza, mama yangu. Mie siku ile ningekaa kimya, ungekuwa unaniuzia chumvi mpaka leo. Uliniudhikia?”

“Hata kidogo.”

“Basi na yeye muache aamue mwenyewe kama ataudhika. Wewe peleka mzigo.” Akaondoka, kisha akarudi na chupa ndogo. “Rosela. Nimeichemsha bila sukari. Yale maji hayana rangi, nani atayaona yakizama? Yatie hii.”

Kazi ikaanza. Bernadeta alichukua beseni, akalijaza maji ya kisima, akaliweka ndani ya friza. Kila utando wa barafu ulipokuwa mnene kiasi cha kidole aliuondoa wote kwa mikono, akauweka kando, akayaacha maji wazi yagande upya. Alikuwa ndiye upepo. Mara ya tatu umeme ukakatika. Alikaa juu ya mfuniko wa friza kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi na moja, hakumruhusu mteja yeyote afungue, wala wale mama lishe wawili, ambao kwa mara ya kwanza walikubaliana kitu, kwamba Mama Deo amechanganyikiwa. Umeme uliporudi aliendelea. Asubuhi ya Alhamisi beseni zima lilikuwa limebaki na maji ya kujaza chupa moja, na alipoyagusa kwa ncha ya ulimi aliyatema.

Alhamisi saa kumi darasa lilisimama. “Shikamoo, mwalimu.” Gaudens aliitikia kwa sauti ndogo. Uso wake ulikuwa na uchovu. Bernadeta aliuona, akasema moyoni kwamba leo ndiyo leo.

“Mama, umekuja nayo?”

Akaenda mbele. Aliweka mezani sahani ya barafu, chupa ya maji, jagi la kioo na glasi, vyote amevijaza maji ya bomba, na kile kichupa cha rosela. Kwanza aliwapitishia barafu.

“Maji ya kisima changu ni ya chumvi, mnaokaa Tabata mnayajua,” alisema. “Hii barafu imetoka humo. Onjeni.”

Wakamung’unya. Isack alisema kuna chumvi kwa mbali, ya kuitafuta. Halafu akawatonea kila mmoja tone la chupani kiganjani, wakalamba, na darasa zima likakunja nyuso kwa wakati mmoja. Msichana mmoja alikimbilia dirishani kutema.

“Yote ni maji ya kisima kimoja,” alisema Bernadeta. “Barafu nimeiondoa mara nyingi, chumvi imebaki na haya.”

Akatia rosela kwenye ile chupa, maji yakawa mekundu. Gaudens alikuwa amesogea, amesimama nyuma ya bega lake.

“Bado ni ya baridi?” aliuliza.

“Shika, mwalimu. Yametembea na mimi juani. Yana joto sawa na ya kwenye jagi.”

Gaudens alishika chupa, akashika jagi. Akatikisa kichwa kukubali.

“Na hiyo rosela isije ikawa na sukari,” alisema Isack. “Sukari nayo nzito.”

“Haina. Na kwanza tazameni rosela peke yake.” Alitonea kidogo kwenye glasi ya maji matamu, ikatawanyika huku na huku bila haraka. Kisha akainamisha chupa kwenye mdomo wa jagi, akamimina polepole sana ubavuni mwa kioo. Maji mekundu hayakutawanyika. Yaliteleza kwa ukuta wa jagi, yakashuka moja kwa moja mpaka chini, yakatandaza mkeka mwekundu, na juu yake maji meupe yakabaki yametulia. Watu waliacha viti wakaja kuzunguka meza.

Gaudens alichukua kitambaa akaenda ubaoni. Mchoro wa Jumanne alikuwa ameuacha bila kufutwa, na maneno yake chini ya mchoro. Akayafuta yale maneno.

“Jumanne nilitoka hapa mbio,” alisema akiwa bado anautazama ubao. “Nilimpigia mhadhiri wangu wa zamani, nikasoma mpaka kulikucha. Nilisoma habari za upepo na barafu, hiyo ya chumvi nikajijazia mwenyewe, nikajaza vibaya. Nilikosea mimi, na mama yuko sahihi.”

Akaandika upya, akaeleza upya. Barafu ikiganda pale kwenye uwazi huiacha sehemu kubwa ya chumvi yake baharini. Upepo unaiondoa, nyingine inaganda, inaacha tena, na maji ya pale yanazidi kuwa ya chumvi na ya baridi, mpaka uzito unayashinda. Yanazama, yanateremka kwenye mteremko wa sakafu ya bahari hadi kilindini, na huanza safari ndefu chini kwa chini.

“Na yakishuka hayaendi mikono mitupu,” aliongeza. “Yanabeba hewa kutoka juu. Viumbe wanaoishi kule gizani wanapumua kwa sababu ya maji haya. Isack, ndiyo sehemu ya jibu la swali lako.”

Bernadeta alikuwa bado amesimama mezani. Aliangalia ule mkeka mwekundu chini ya jagi. Miaka kumi na miwili ameyamwaga maji haya kwenye ukuta wa watu na kuyaita uchafu, kumbe huko duniani yenyewe ndiyo yenye kazi kubwa, barafu ni shughuli ya juu tu. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Alishukuru. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Badru na rosela yake, akakishukuru hata kile kisima kibaya. Na kwa mara ya kwanza alimkumbuka Mzee Kasimiri bila uchungu, maana mzee naye hakuwahi kuona jagi kama hili.

“Mwalimu, nisamehe kwa Jumanne,” alisema. “Nilikukatiza mbele ya watu. Na siku ile nilikuja na atlasi yako nikurudishie.”

“Uirudishe unakwenda wapi?”

Bernadeta alitazama mlango. Gaudens alielewa, na ilionekana usoni kwamba limemuuma.

“Kaa nayo,” alisema. “Mie Jumanne nilishindwa hata kukusubiri getini, kisha nikaogopa wewe hutarudi leo. Niliona aibu kuonana na wewe nje kabla sijajua nilichokifundisha ndani.”

Kisha akafanya jambo ambalo darasa lile linalisimulia mpaka leo. Aliiweka chaki mezani mbele ya Bernadeta, akarudi nyuma mpaka kwenye viti vya wanafunzi, ndani ya mlango kabisa, ambako siku zote yeye ndiye huamkiwa. Akasimama wima, mikono ubavuni.

“Shikamoo, mwalimu,” alisema.

Isack aliinuka. Wasichana wakainuka, waendesha bodaboda, mlinzi. Wote kumi na watatu wakasema kwa pamoja, kama inavyosemwa siku zote.

“Shikamoo, mwalimu.”

Bernadeta Kasimiri alifuta macho kwa ncha ya khanga. Aliwatazama mmoja mmoja, akachukua chaki, kwa kuwa alihisi mikono inahitaji kitu cha kushika.

“Marahaba,” alisema. “Kaeni.”

Wakakaa.